Nyanya ndefu, nyanya fupi: jinsi ya kutabiri watoto wa mmea kabla hujawapanda

"Nimekamua mbegu kwenye nyanya ya F1 (chotara, mtoto wa kwanza wa aina mbili tofauti), nikapanda, mbona shamba limetoka mchanganyiko?" Swali hili halichoki kuulizwa, na nyuma yake huja mawili mengine: "Nikipandanisha ndefu na fupi nitapata za kati?" na "Kitabu kinasema mmoja kati ya wanne atakuwa mfupi. Nimepanda miche minne, mfupi yuko wapi?"

Yote matatu yanajibika kwa zoezi moja unaloweza kulifanya nyuma ya nyumba. Tunatumia nyanya kwa sababu ua lake linashikika, mmea hujichavusha wenyewe, tunda moja hubeba mbegu 50 hadi 200, na mbegu za aina fupi na aina ndefu zinapatikana kwenye maduka mengi ya pembejeo. Sifa tutakayoifuata ni moja: je, mmea unaacha kukua baada ya vishada kadhaa vya maua, au unaendelea kupanda juu hadi ukauke?

Usianze na ukubwa wa tunda wala utamu. Sifa hizo zinaendeshwa na jeni nyingi (maagizo ya urithi ndani ya mmea) kwa pamoja, na mraba wa kutabiri watoto, tutakaouchora mbele, hautakupa jibu safi. Wengi huanza na hizo, wakakata tamaa na kusema hesabu za Mendel, mtawa wa karne ya 19 aliyegundua kanuni hizi za urithi, ni za darasani tu.

Unachohitaji

- Pakiti moja ya nyanya fupi (Rio Grande au Cal J zinafaa) na moja ya nyanya ndefu (Money Maker). Soma pakiti: ikiwa imeandikwa F1, irudishe rafuni.
- Ndoo 8 za lita 10 zilizotobolewa chini, au tuta dogo, kwa ajili ya wazazi. Baadaye utahitaji eneo la miche 80. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50 ni mita za mraba 24, bila kuhesabu njia.
- Kibano chenye ncha kali. Kile cha kung'olea nyusi kinatosha, mradi ncha zake zinakutana sawasawa.
- Spiriti ya asilimia 70 na pamba.
- Nyuzi za rangi mbili, vibao vya kuandikia na penseli. Penseli, si kalamu: wino hufutwa na jua ndani ya wiki chache.
- Kifuniko cheusi cha chupa cha kukusanyia chavua. Juu ya kitu cheupe hutaiona.
- Vifuko vidogo vya kitambaa chepesi; kipande cha chandarua kilichochakaa kinafaa.
- Daftari.
- Subira ya miezi 11 hadi 12. Ni vizazi vitatu, na hakuna njia ya mkato.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Kila mmea una nakala mbili za kila jeni: moja imetoka kwa mama, nyingine kwa baba. Unapotengeneza chavua au kijiyai, nakala moja tu ndiyo huingia, na ipi itaingia ni bahati, sawa na kurusha shilingi.

Jeni yetu ina sura mbili. Iite R ile inayorefusha, na r ile inayofupisha. Mmea wa RR ni mrefu. Mmea wa Rr nao ni mrefu, tena huwezi kuutofautisha na RR kwa macho. Ni rr peke yake ndiye mfupi. Kwa hiyo R ni tawala na r ni fiche. Kumbuka pia jambo hili, litakusaidia mbele: mmea mfupi hauwezi kukuficha kitu. Ukiuona tu, umeshajua nakala zake zote mbili.

(Ushauri mdogo wa mwandiko: chagua herufi ambazo kubwa na ndogo hazifanani. R na r, N na n ni sawa. K na k, S na s, C na c zitakuchanganya usiku ukihesabu kwa taa.)

Hatua kwa hatua

1. Andika utabiri kabla ya kupanda. Ukiandika baada ya kuona matokeo, utakuwa unasimulia tu.

Mzazi mfupi ni rr, kwa hiyo anatoa r tu. Mzazi mrefu halisi ni RR, anatoa R tu. Watoto wote, yaani F1, watakuwa Rr: warefu. Hakuna wa kati.

Sasa F1 ijichavushe yenyewe. Chora mraba wa Punnett, chavua juu na vijiyai pembeni:

| | R | r |
|---|---|---|
| R | RR | Rr |
| r | Rr | rr |

Vyumba vinne, vitatu virefu, kimoja kifupi. Kwa miche 80 ya F2, yaani watoto wa F1, andika kwenye daftari: "Natarajia 60 ndefu, 20 fupi." Weka tarehe.

2. Panda wazazi, minne kwa kila aina. Aina fupi mara nyingi huwahi kutoa maua, hivyo panda ndefu wiki moja mapema, kisha rudia kupanda fupi mbili tatu baada ya siku 14 ili maua yakutane. Hamisha miche ikiwa na wiki 4 hivi. Usiipogoe aina fupi hata kidogo.

Kabla ya kwenda mbele, hakikisha kila mzazi ni yule unayemdhania. Usipime kwa rula. Urefu wa sentimita hubadilika kwa mbolea, kivuli na maji. Hesabu majani kwenye shina kuu, kati ya kishada kimoja cha maua na kinachofuata. Nyanya ndefu huweka majani matatu, kishada, majani matatu, kishada, na huendelea hivyo. Nyanya fupi huanza kubana: majani mawili, kishada, jani moja, kishada, halafu shina linaishia kwenye kishada na ncha ya kukua haipo tena. Ukishaiona ile ncha iliyofungwa na maua mara moja, hutaisahau.

3. Mfanye mfupi awe mama. Hapa ndipo wanaoanza hukosea bila kujua wamekosea. Kwa jeni hii matokeo ni yaleyale, mama awe nani, baba awe nani. Lakini ukimfanya mfupi kuwa mama, watoto wenyewe watakuambia kama kazi ya mkono wako ilifanikiwa. Mtoto mrefu lazima amepata R kutoka kwa baba, kwa hiyo ni chotara wa kweli. Mtoto mfupi maana yake ua lilijichavusha kabla hujalifikia. Ukigeuza, mrefu akawa mama, watoto wote watakuwa warefu iwe ulifanikiwa au ulishindwa, na utagundua kosa miezi minne baadaye.

4. Hasi ua la mama, yaani liondolee machavulio (sehemu zinazobeba chavua), jioni. Tumia kishada cha pili au cha tatu. Acha lile ua nene la kwanza kwenye kishada. Mara nyingine ni maua mawili yaliyoungana.

Chagua ua litakalofunguka kesho. Utalijua hivi: petali zimeanza kuchungulia nje ya sepali, zina rangi ya njano iliyopauka yenye ukijani, na bado zimefumbana. Likiwa la kijani kabisa, stigma (ncha ya kijiti cha katikati, inayopokea chavua) ni changa na utaivunja. Likiwa njano iliyokolea na ncha za petali zimeanza kuachana, umechelewa. Chavua huenda imeshamwagika ndani.

Shika kikonyo cha ua kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Chomeka ncha moja ya kibano ubavuni mwa koni ya machavulio, karibu na kitako, uipasue kidogo, kisha bana na vuta kuelekea juu. Mara nyingi koni hutoka pamoja na petali zote kwa mvuto mmoja. Kinachobaki ni kijiti chembamba cha kijani kilichosimama juu ya ovari ndogo kama kichwa cha pini. Angalia kwa makini kama kuna kipande cha chavulio kimebaki kitakoni. Kimoja tu kinatosha kuharibu. Ikiwa kijiti kimepinda au kimechubuka, kata ua hilo utupe.

Sasa kata sepali mbili kwa mkasi, nusu ya urefu wake. Sepali hukaa na tunda mpaka liive, kwa hiyo hata uzi ukikatika na kibao kikipotea, tunda lenye sepali zilizokatwa ni lako. Funga uzi, vika kifuko, ng'oa maua mengine yote ya kishada hicho. Fanya maua 10 hadi 15 kwenye mimea tofauti na utegemee kupoteza karibu nusu, hasa mara ya kwanza.

5. Kusanya chavua ya baba, asubuhi. Saa 3 hadi saa 5, umande ukishakauka. Chukua maua ya aina ndefu yaliyofunguka wazi, petali zimejikunja nyuma, njano imekolea. Shika ua juu ya kifuniko cheusi, ligonge kikonyo kwa penseli au uliguse kwa mswaki wa betri. Vumbi jeupe lenye unjano kidogo ndilo hilo. Ikiwa hakuna kinachodondoka, yaache maua hayo sehemu kavu yenye kivuli kwa saa kadhaa, ugonge tena. Chavua iliyolowa haifai.

6. Chavusha. Vua kifuko, chovya ncha ya stigma ndani ya chavua hadi uone imepakwa. Vika tena. Rudia kesho yake asubuhi kwa chavua mpya. Mara mbili huongeza mbegu.

Ukibadilisha baba, futa kibano na vidole kwa spiriti, kisha subiri ikauke. Spiriti mbichi huua chavua, na mtu huishia kulaumu hali ya hewa.

Andika kwenye kibao: jina la mama kwanza, alama ya ×, jina la baba, tarehe. "Rio Grande × Money Maker." Mama daima mbele; ndivyo wazalishaji wa mbegu wanavyoandika, na usipofuata utajichanganya mwenyewe.

Baada ya siku 5 hadi 7 ovari iliyopokea huanza kuvimba. Iliyokataa hugeuka njano na kudondoka na kikonyo chake. Ovari zikishavimba unaweza kutoa kifuko.

7. Vuna na safisha mbegu. Tunda huiva wiki 6 hadi 8 baada ya kuchavusha. Liache liive kabisa hadi lilegee. Kamua mbegu na majimaji yake kwenye kikombe, acha zichachuke siku 2 au 3 kivulini hadi ule utando wa utelezi uachie. Ongeza maji, koroga, mwaga zinazoelea, suuza. Anika kivulini kwenye sahani, si kwenye karatasi. Zikigandia karatasini utazichuna na ngozi. Kila tunda bahasha yake.

8. Panda F1, miche 6 hadi 8, na uikague. Wote wanatakiwa kuwa warefu. Mfupi akitokea, mng'oe, kwani ni mtoto wa mama peke yake. Wakiwa wote warefu, mstari wa kwanza wa utabiri wako umetimia.

Usishtuke ukiona matunda ya F1 hayafanani na ya mzazi yeyote, si yai la Rio Grande wala duara la Money Maker. Umbo na ukubwa ndivyo vilivyo. Hapo jeni zaidi ya moja zinavutana. Wewe endelea kuhesabu majani.

9. Acha F1 ijichavushe. Hakuna kazi ya kibano hapa. Vika kifuko kishada kabla maua hayajafunguka, kitikise kidogo kila asubuhi, vua kifuko matunda yakishika. Chukua mbegu kutoka mimea mitatu au minne ya F1. Hizo ndizo F2.

10. Panda F2, yote. Sia mbegu 100 ili upate miche 80. Kosa kubwa kuliko yote hufanyika kitaluni: mkulima mzuri kwa mazoea huchagua miche iliyochangamka na kutupa dhaifu. Usifanye hivyo. Ukichagua, umeshavuruga hesabu kabla haijaanza. Panda kila kilichoota, kwa mpangilio ule ule kilivyo kwenye kitalu. Miche ikizidi, punguza kwa bahati nasibu, mfano kila wa tano, bila kuangalia sura.

Usipogoe. Kuondoa machipukizi ya pembeni kutakufanya ushindwe kujua ncha ya shina kuu iliishia wapi.

11. Hesabu, mmoja mmoja. Wiki ya 10 hadi ya 12 tangu kusia, kila mmea ukiwa na vishada vitatu au vinne. Andika namba ya mmea na R? au rr mbele yake. Alama ya kuuliza ni ya kweli: mrefu anaweza kuwa RR au Rr, na bado hujui. Usihukumu wiki ya sita. Wakati huo wote wanafanana.

12. Linganisha na utabiri. Mara nyingi hutapata 60 na 20 kamili. Gregor Mendel mwenyewe, kwenye njegere zake za bustani ya Brno, mji ulio Ucheki ya leo, alipata ndefu 787 kwa fupi 277. Hiyo ni 2.84 kwa 1, si 3.

Kwa miche 80, fupi kuanzia 13 hadi 27 ni mambo ya kawaida ya bahati. Ukitaka kipimo rasmi, tumia kai-skwea: kwa kila kundi, toa ulichotarajia kwenye ulichopata, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa ulichotarajia, kisha jumlisha makundi yote.

Mfano: umepata ndefu 54, fupi 26. Tofauti ni 6 kila upande. 36 ÷ 60 = 0.6, na 36 ÷ 20 = 1.8. Jumla 2.4. Mpaka wa bahati kwa makundi mawili ni 3.84, uko chini yake, utabiri umesimama.

Mfano wa pili: ndefu 48, fupi 32. Tofauti 12. 144 ÷ 60 = 2.4, na 144 ÷ 20 = 7.2. Jumla 9.6. Hiyo si bahati. Kuna kitu kimeharibika, nenda kwenye sehemu ya matatizo hapa chini.

Kosa la kawaida: kuingiza asilimia badala ya idadi ya mimea. Kai-skwea inataka idadi halisi. Na kundi unalotarajia liwe na mimea chini ya 5 halipimiki vizuri.

Kuhusu ile miche minne

"Mmoja kati ya wanne" si ahadi ya kila wanne. Kila mche hupiga shilingi yake bila kujua jirani amepata nini. Uwezekano wa kupanda minne ya F2 na kukosa mfupi kabisa ni 0.75 × 0.75 × 0.75 × 0.75, yaani kama asilimia 32. Karibu mara moja katika kila tatu! Ukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kupata angalau mfupi mmoja, panda 11. Kwa asilimia 99, panda 17.

Na zile mbegu za F1 za dukani? Mmea wa F1 una nakala mbili tofauti, kama Rr yetu, kwa jeni nyingi kwa mkupuo, kila mahali wazazi wake walipotofautiana. Ukikamua mbegu zake unapanda F2 ya mambo yote hayo pamoja. Ndiyo maana shamba linatoka kila mmoja na sura yake. Muuzaji hakukuuzia mbegu mbovu.

Kumpata mrefu halisi

Kati ya warefu wa F2, theluthi moja ni RR, theluthi mbili ni Rr. Hakuna dalili ya nje. Njia ni kuwauliza watoto: weka mbegu za kila mrefu kwenye bahasha yake, panda 17 kutoka kila bahasha. Mfupi mmoja tu akitokea, mzazi ni Rr, mwache. Wote 17 wakiwa warefu, karibu hakika ni RR.

Kwa wafupi kazi hii haipo. Ni rr, wamekamilika leo leo. Kama unatafuta sifa fiche, aina yako inatulia kwa kizazi kimoja. Sifa tawala ndiyo inayokula misimu.

Njia nyingine ya kujua: mpandanishe mrefu unayemshuku na mfupi. Akiwa Rr, nusu ya watoto watakuwa wafupi. Akiwa RR, hakuna hata mmoja.

Sifa mbili kwa mpigo

Ukishazoea, ongeza rangi ya nyama ya tunda: mzazi mmoja awe wa tunda jekundu, mwingine wa tunda la njano. Nyekundu (N) ni tawala, njano (n) ni fiche. Jeni ya rangi hii iko kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 3, ya urefu iko ya 6, hivyo kila moja hurithiwa kivyake. Usichore mraba wa vyumba 16, zidisha tu. Fupi ni 1/4, njano ni 1/4, kwa hiyo fupi yenye tunda la njano ni 1/16. Uwiano wote ni 9 ndefu nyekundu, 3 ndefu njano, 3 fupi nyekundu, 1 fupi njano. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata yule mmoja, panda 47. Wa asilimia 99, panda 72. Kai-skwea ya makundi manne ina mpaka wa 7.81.

Hakikisha ni njano na si rangi ya chungwa: chungwa kwenye nyanya huletwa na jeni nyingine. Kata tunda uangalie nyama, ngozi hudanganya.

Na onyo kwa wanaopenda nyanya zenye jani pana lisilo na meno, linalofanana na jani la kiazi mviringo. Ni sifa fiche nzuri, huonekana mche ukiwa mdogo, lakini jeni yake iko kwenye kromosomu ile ile ya 6, jirani kabisa na ya urefu. Zinasafiri pamoja. Ukizitumia mbili hizi kujifunza 9:3:3:1, hutaipata maisha yako yote.

Kama huna mwaka mzima

Tumia mahindi. Njano ni tawala kwa nyeupe, na rangi huonekana kwenye punje yenyewe, bila kusubiri mmea. Gunzi moja ni shamba la watoto mia kadhaa. Funika hindi changa la mmea mweupe kabla nywele hazijatoka, kisha zipake chavua ya mahindi ya njano: punje zote zitatoka njano iliyopauka, kwa sababu kiini cha unga wa punje hupokea sehemu mbili kutoka kwa mama na moja kwa baba. Panda punje hizo, chavusha kila mmea kwa mbelewele yake mwenyewe ndani ya mfuko, na gunzi litakuwa na njano tatu kwa nyeupe moja. Njano iliyokolea na iliyopauka, zote hesabu njano.

Matatizo na sababu zake

*Maua niliyohasi yote yanadondoka.* Kwanza joto. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi na usiku usiposhuka chini ya 21, chavua hudhoofika na maua huanguka. Ukanda wa chini kama Morogoro au Pwani fanya kazi hii miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Joto likiwa sawa, sababu ni mkono: umekichubua kijiti.

*F1 nyingine ndefu, nyingine fupi.* Kama fupi ni chache na zimetoka tunda moja, tunda hilo lilijichavusha kwa sehemu. Kama ni nusu kwa nusu na kila tunda liko hivyo, baba hakuwa RR bali Rr. Rudi hatua ya 2, tafuta mbegu nyingine.

*F1 zote fupi.* Ulihasi ukiwa umechelewa. Shuka hatua moja nyuma kwenye umri wa ua.

*F2 ina fupi nyingi kupita kiasi.* Angalia majani kabla ya kukagua hesabu. Mche ulioshikwa na rasta, ule ugonjwa wa virusi unaoletwa na nzi weupe, hudumaa, majani hujikunja juu na kingo huwa njano. Kwa mbali unafanana na nyanya fupi. Lakini shina lake halijaishia kwenye kishada, limekwama tu. Miche ya hivyo usiihesabu upande wowote. Iandike kando kama "haijulikani". Ikizidi kumi katika 80, rudia upandaji chini ya neti.

*F2 ina fupi chache mno.* Hapa karibu kila mara ni kitalu. Ama umechagua miche mikubwa, ama kinyausi, ugonjwa unaoua miche kitaluni, kimeondoa mingi kabla ya kuhamisha. Idadi ya mbegu ulizosia na ya mimea uliyohesabu zikitofautiana sana, matokeo hayo hayasomeki.

*Kuna mimea ya katikati: inaishia, lakini baada ya vishada saba au nane.* Mmoja wa wazazi alikuwa wa aina nusu-fupi. Aina hizo zipo na si nyanya mbaya, ila haziingii kwenye mraba huu wa herufi mbili. Badilisha mzazi huyo.

*F2 zote 80 ni ndefu.* Uwezekano wa hilo kutokea kwa bahati haupo. Umepanda bahasha ya Money Maker. Kagua vibao.